GNU, uutils, BusyBox au Toybox: uweke `ls` ya nani?

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike `ls --version`; `ls` ni amri ya kuorodhesha faili. Kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, utajibiwa `ls (GNU coreutils)`, na mistari michache chini yake imetajwa leseni, GPLv3+, pamoja na onyo kwamba hakuna dhamana yoyote. Kwenye Ubuntu 25.10 jibu linabadilika: `ls (uutils coreutils)`. Ingia kwenye kontena la Alpine, Linux nyepesi, andika `ls -l /bin/ls`, na utakuta pale hakuna programu, ni kiungo tu kinachokupeleka `/bin/busybox`. Simu ya Android nayo ina `ls` yake. Mwenye Termux, app ya terminali ya Android, aandike `/system/bin/toybox`, atamwagiwa orodha ya amri zote zilizomo.

Amri moja, herufi mbili, wenyewe wanne. Zote nne ni programu huria, zote zinaorodhesha faili, na mtumiaji wa kawaida anaweza kumaliza mwaka mzima asijue anatumia ipi. Lakini kwa sababu ya amri hizi za msingi marafiki wa zamani wamekosana, watunzaji wamebwaga manyanga, na kampuni kubwa zimeburutwa mahakamani New York.

Msimamo wangu niuseme mapema, ili anayetaka kubishana aanze sasa. Anayechagua kati ya hizi nne asianze na kasi wala ukubwa wa faili. Aanze na kile atakachoifanyia programu. Leseni hizi hazikudai kitu ukitumia programu kwenye mashine zako mwenyewe, hata mashine ziwe elfu na zikuingizie pesa usiku na mchana. Zinaanza kukudai siku unapompa mtu mwingine nakala. Ndiyo maana msimamizi wa seva, mwandishi wa msimbo na muuza ruta wanatazama programu zilezile na kila mmoja anatoka na jibu lake.

Seva na laptopu yako

Hapa mashindano ni kati ya GNU na uutils. Wale wengine wawili waache kwanza.

GNU coreutils ni mkusanyiko wa amri zaidi ya 100: `cp`, `mv`, `sort`, `date`, `chmod` na wenzake. Zamani zilikuwa vifurushi vitatu, fileutils, textutils na shellutils, vikaunganishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zimeandikwa kwa lugha ya C, na tangu 2007 ziko chini ya GPL toleo la 3, leseni inayomtaka anayegawa programu agawe na msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo programu imetengenezwa nayo. Zimezeeka vizuri. Skripti nyingi za Linux duniani, zikiwemo zile mbovu ulizorithi kazini kwako, ziliandikwa na mtu aliyekuwa akizijaribu kwa amri hizi na si nyingine.

uutils ilianzishwa na Jordi Boggiano mwaka 2013. Ni kazi ileile iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust, chini ya leseni ya MIT, inayoruhusu karibu lolote mradi jina la mwandishi libaki. Kwa miaka kadhaa ilikuwa zaidi mahali pa watu kujifunzia lugha, mpaka Sylvestre Ledru, mtu wa Debian na Mozilla, alipoishika kwa mikono miwili. Machi 2025 Jon Seager wa Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, alitangaza kwamba Ubuntu inahamia huko, na Oktoba mwaka uleule toleo la 25.10 likatoka na uutils ndani yake.

Sababu inayotajwa sana ni usalama wa kumbukumbu. Mfano upo: mwaka 2024 amri ya `split` ya GNU ilikutwa na kosa, likasajiliwa kwenye orodha ya kasoro za usalama kama CVE-2024-0684, ambapo programu iliweza kuandika nje ya eneo la kumbukumbu ililotengewa. Rust imeundwa kuzuia kosa la namna hiyo lisifike kwa mtumiaji. Ni hoja ya kweli. Ila tusiitie chumvi: `split` na `ls` hazikai mlangoni zikisikiliza mtandao, na makosa ya aina hiyo kwenye coreutils si mengi.

Bei ya kuhama ilionekana ndani ya mwezi wa kwanza. `date -r faili` kazi yake ni kukuambia faili lilibadilishwa lini mara ya mwisho. Ile iliyokuwemo kwenye Ubuntu 25.10 iliipokea `-r` bila kulalamika, kisha ikarudisha saa ya sasa hivi. Sasa fuatilia kilichotokea. Skripti ya Ubuntu inayotafuta masasisho yenyewe huitumia amri hiyo kujua ni lini ilitafuta mara ya mwisho. Kila ikiuliza, inajibiwa "sasa hivi". Ikaona haina haja ya kutafuta tena. Mashine zikakaa bila masasisho ya usalama, kimya kimya, hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja. Waliosasisha kwa mkono kwa `apt`, amri ya kusakinisha programu, hawakuguswa, na kifurushi kilichorekebishwa, 0.2.2-0ubuntu2.1, kilitoka kabla Oktoba haijaisha. Rust isingeweza kulizuia kosa hilo, maana kumbukumbu haikuhusika hata kidogo. Lilikuwa pengo kwenye kazi ambayo GNU waliimaliza miaka mingi iliyopita.

Halafu kuna ugomvi wa leseni, ambao ulipamba moto kuliko ule wa makosa. Wanaopinga wanasema GPL ndiyo iliyoulinda mfumo huu: anayeuboresha na kuugawa lazima agawe na msimbo chanzo. Ukizibadilisha sehemu za msingi moja baada ya nyingine ukaweka za MIT, ipo siku kampuni itauza mfumo kamili ambao hakuna anayeruhusiwa kuufungua. Hofu hiyo ina mizizi. Apple iliganda na bash 3.2, shell (programu inayopokea amri unazoandika), ya mwisho yenye GPL toleo la 2, kwa zaidi ya miaka kumi, halafu mwaka 2019 ikaifanya zsh kuwa shell yake ya msingi. Toleo la 3 la GPL ilikwepa kabisa. Kampuni zinajua kusoma leseni.

Lakini tuhuma kwamba Canonical iliichagua MIT ili ije ifunge msimbo haina miguu. MIT ilikuwepo tangu 2013, miaka 12 kabla Canonical haijabisha hodi. Tena kuna jambo ambalo wanaopaza sauti hawalitaji sana. Kanuni za uandishi za GNU zinamkataza mchangiaji, kwa hali yoyote ile, kutazama msimbo wa Unix anapoandika programu ya GNU. uutils nao wanamkataza mchangiaji kutazama msimbo wa GNU. GNU waliziandika upya amri za Unix kwa kuangalia tabia zake tu, na leo wanaandikwa upya wao kwa njia ileile. Sioni wizi hapo.

Kwa seva, basi, leseni isikukoseshe usingizi. Huigawi, haikugusi. Angalia ukomavu, na kwa ukomavu GNU bado iko mbele. Seva ya kazi, yenye skripti za chelezo na mishahara ya watu, nisingeihamishia uutils kwa sasa. Kwenye Ubuntu 25.10 kipo kifurushi cha `coreutils-from-gnu` cha kukurudisha nyumbani. Laptopu ni habari nyingine: iache uutils ifanye kazi, na ukikutana na amri inayojibu tofauti, waripotie. Mradi ule hupima maendeleo yake kwa majaribio yaleyale ya GNU, na kila tofauti mpya inayogunduliwa inawasaidia.

Unayetaka kuchangia msimbo

Hapa leseni inaanza kuwa na uzito, kwa sababu unachotoa ni jasho lako.

Ukiipa GNU, kazi yako haitafungiwa na mtu akaigawa bila msimbo. Kwa upande mwingine, kwa mabadiliko makubwa coreutils imekuwa ikimtaka mchangiaji asaini karatasi ya kuikabidhi Free Software Foundation, taasisi iliyo nyuma ya GNU, hakimiliki. GCC na glibc, miradi mingine ya GNU, walilegeza sharti kama hilo mwaka 2021. Kama umeajiriwa, mwajiri naye anaweza kuhitajika kusaini, na hapo ndipo michango mingi hufia. Msimbo wenyewe ni C iliyosukwa kwa miongo, si pa kujifunzia kuogelea.

Ukiipa uutils, mlango uko wazi zaidi na kazi ndogondogo za kuanzia zipo. Ila ile amri ya kutosoma msimbo wa GNU ichukulie kwa uzito. Kama wiki jana ulikuwa umezama ndani ya `sort` ya GNU ili uelewe inavyopanga, basi `sort` ya uutils si yako. Shika amri nyingine. Na ukubali tangu mwanzo kwamba kampuni inaweza kuichukua kazi yako, ikaiboresha, na isikurudishie chochote zaidi ya jina lako kwenye ukurasa wa leseni. Wapo wanaolala vizuri na hilo, wapo wasioweza. Jijue uko upande gani kabla hujaandika mstari wa kwanza, maana msimbo ukishatolewa kwa MIT huwezi kuuita urudi.

Ugomvi wa Rust wenyewe hauishii kwenye leseni. Mwisho wa Oktoba 2025 Julian Andres Klode, mtunzaji wa apt kwenye Debian, alitangaza kwamba apt itaitegemea Rust, si kabla ya Mei 2026, na matawi ya Debian yasiyokuwa na Rust yajipange au yafungwe. Yaliyotajwa ni ya mashine za kale: alpha, hppa, m68k na sh4. Kompyuta za mitumba za x86 zinazouzwa Kariakoo hazimo, usiwe na shaka. Kilichowachoma wengi ni namna taarifa ilivyotolewa, kama hukumu iliyokwisha kusomwa. Ndani ya miradi ya kujitolea, namna ya kusema jambo hugombanisha watu sawasawa na jambo lenyewe.

Kifaa unachouza: BusyBox au Toybox

Hapa ndipo penye pesa na mawakili, kwa hiyo tukae kidogo.

BusyBox ilianzishwa na Bruce Perens mwaka 1995. Alitaka kisakinishi cha Debian pamoja na vifaa vya uokoaji vitoshe kwenye flopi moja, akazibana amri zote ndani ya programu moja inayobadilisha kazi kulingana na jina uliloiitia. Iite `ls`, ni `ls`. Iite `vi`, ni `vi`. Kifaa chenye hifadhi ndogo hakikuwa na zaidi ya hapo cha kuomba, na BusyBox ikaingia kwenye ruta, ving'amuzi, kamera na televisheni. OpenWrt, mfumo huria wa ruta, inaitumia, Alpine inaitumia. Leseni yake ni GPL toleo la 2 peke yake.

Hilo "peke yake" lina historia. Mwaka 2006, GPL toleo la 3 likiwa bado linaandaliwa, Perens, ambaye alikuwa ameuacha mradi muda mrefu, alirudi kujadili mradi utumie toleo gani. Rob Landley, mtunzaji wa wakati huo, alitaka toleo la 2 bila nyongeza. Wakachafuana. Landley akamkabidhi Denys Vlasenko mradi, akaenda kuanza Toybox, kazi ileile kutoka sifuri.

Kabla maji hayajatulia, kesi zikaanza. Septemba 2007 mawakili wa Software Freedom Law Center waliishtaki Monsoon Multimedia kwa niaba ya Landley na Erik Andersen, kesi ya kwanza ya GPL kufunguliwa Marekani. Ikaisha kwa makubaliano. Zikafuata nyingine, ikiwemo dhidi ya Verizon kuhusu ruta walizokuwa wanawapa wateja wao. Desemba 2009 zikashtakiwa kampuni 14 kwa mkupuo, Samsung, Best Buy na Westinghouse zikiwemo. Westinghouse iliacha kujitetea, na mwaka 2010 mahakama iliiamuru ilipe fidia ya dola 90,000 juu ya gharama za mawakili, na televisheni zilizobaki ziende kwa wadai. Perens naye alitoa taarifa akilalamika kwamba mradi ameuanzisha yeye, na kesi zinafunguliwa bila hata kuulizwa.

Best Buy iangalie kwa makini kama wewe ni mwagizaji wa bidhaa. Kilichoiponza ni kicheza Blu-ray chenye nembo ya Insignia, chapa ya dukani kwake. Ukiagiza ruta Shenzhen ukabandika nembo yako na kuiuza Nairobi au Dar es Salaam, kisheria wewe ndiye unayegawa nakala. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 na ile ya Tanzania ya 1999 zote zinalinda programu za kompyuta, kwa hiyo usijidanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

BusyBox inakutaka nini? Unapouza kifaa, mpe mnunuzi msimbo chanzo wa BusyBox uleule uliomo, pamoja na skripti za kuukompaili (kuugeuza kuwa programu), au umpe ahadi ya maandishi, inayodumu angalau miaka mitatu, kwamba yeyote akiuomba utampa. Hilo ndilo kubwa. Programu yako mwenyewe inayokaa pembeni yake haiguswi. Ukali uko kwenye kipengele cha 4: ukivunja masharti, haki yako ya kuigawa BusyBox inakatika hapohapo, hakuna siku za rehema. GPL toleo la 3 humpa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 za kujirekebisha baada ya kuarifiwa. La 2 halina kitu hicho. Hivyo kampuni iliyokamatwa ililazimika kurudi kwa wenye BusyBox kuomba haki yake irudishwe, na hao walikuwa wakiweka sharti kwamba kwanza isafishe kila kitu cha GPL kilichomo ndani ya kifaa, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ikiwemo.

Hapo ndipo kampuni zilipoanza kuhesabu. Mwanzoni mwa 2012 Tim Bird, mhandisi wa Sony, alitoa wito hadharani wa kuwa na mbadala wa BusyBox usio na GPL. Matthew Garrett, mmoja wa waandishi wa kerneli, akajibu kwamba BusyBox ndiyo fimbo pekee inayotumika kweli, kwa kuwa wengi wa wenye kerneli hawashtaki mtu. Ukiitoa BusyBox, wanaokiuka leseni ya kerneli wanalala usingizi. Na Landley, aliyekuwa mdai kwenye kesi, sasa alikuwa upande wa pili. Alisema kesi zote zile hazikuiletea BusyBox msimbo wowote wa maana. Toybox alikwisha kuiweka chini ya leseni ya BSD, iliyo huru kama MIT, mwaka 2011, baadaye akaipunguza zaidi hadi ile iitwayo 0BSD, ambayo haidai hata unakili maneno ya leseni. Google ikaichukua, na tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 imo kwenye simu.

Kwangu mimi Garrett alikuwa na hoja nzito zaidi kuhusu jamii, na Landley kuhusu matokeo. Landley alitegemea kesi zilete msimbo, hazikuleta. Garrett alitaka mwenye kifaa apate anachostahili, na kwa hilo shinikizo lilifaa. OpenWrt yenyewe ilizaliwa baada ya Linksys kubanwa itoe msimbo wa ruta yake ya WRT54G mwaka 2003. Bila GPL, ruta nyingi ambazo watu wamezifufua zingekuwa takataka.

Lakini wewe unauza kifaa, na uchaguzi wako ni wa biashara. Toybox ni salama kwa leseni, ila usidhani inajaza nafasi ya BusyBox yote. Shell yake haijakomaa. Android yenyewe hutumia shell nyingine, mksh. Ukihitaji shell, `awk`, `udhcpc` na `vi` ndani ya programu moja iliyojaribiwa kwenye mamilioni ya ruta, BusyBox ndiyo. Na kama kifaa chako kina kerneli ya Linux, kuikimbia BusyBox hakukuondolei GPL. Kerneli ni GPL toleo la 2 pia, wajibu wa kutoa msimbo uko palepale. Ukiwa tayari una utaratibu wa kutoa msimbo wa kerneli, kuongeza wa BusyBox ni kazi ya mchana mmoja. Ndiyo maana kwa ruta ningechagua BusyBox bila kusita, na Toybox ningeiacha kwa anayejenga juu ya Android au anayetaka kuchota vipande vya msimbo na kuvichanganya na vyake.

GNU coreutils kwenye kifaa cha kuuza? Ikwepe, isipokuwa unajua unachofanya. GPL toleo la 3 linataka mnunuzi wa kifaa cha nyumbani apewe pia maelekezo na funguo za kusakinisha toleo alilolibadilisha yeye. Kama umefunga kifaa chako kwa saini ya kidijitali, hapo umejikaanga. uutils haina tatizo hilo, ila ni kubwa kwa hifadhi ndogo.

Makontena yanaangukia katikati. Kuweka kontena lako hadharani ili wengine walipakue ni kugawa nakala, hata kama hujauza kitu. Watu wengi huanza na Alpine kwa sababu ni nyepesi, halafu skripti inakufa kwa `date -d yesterday`, ambayo GNU inaielewa na BusyBox inaikataa kwamba tarehe si halali. Ukikutana na hilo, `apk add coreutils` itakuletea amri za GNU, na pamoja nazo GPL toleo la 3. Kwa kontena la ndani ya kampuni haina shida.

Kwa mwagizaji wa ruta, kiwanda kitakuhakikishia kwamba kila kitu kiko sawa. Kabla hujalipa salio, mwambie akutumie msimbo chanzo wa kerneli na BusyBox wa toleo lilelile lililomo ndani ya mzigo. Mpe kijana wako anayejua Linux aukompaili, aupakie kwenye ruta moja, aone kama inawaka. Isipowaka, au wakikutumia kiungo cha tovuti ya BusyBox badala ya msimbo wao, shikilia salio.